Ya Kupaka, Si ya Kunywa

Harufu ya mafuta ya mkaratusi hainijii polepole kama harufu nyingine. Mtu akifungua kichupa chake upande wa pili wa chumba, macho huniwasha kwanza, ndipo pua nayo hupata habari. Juzi ilinikuta ofisini, hapa Kisumu. Mwenzangu mmoja, dada mcheshi aliyekuwa akisumbuliwa na kikohozi, alitoa kichupa mkobani na kukiinamisha juu ya gilasi ya maji. Kuna mama anayemwuzia kwa simu, akaniambia, na siku hizi watu wanakunywa tu: mnanaa kwa tumbo, karafuu kwa minyoo, mkaratusi kwa kifua.

"Ni kitu ya miti tu," akasema. "Haiwezi kudhuru mtu."

Kabla sijajua kwamba nimesimama, gilasi ilikuwa mkononi mwangu na maji yalikuwa yakiteremka kwenye sinki. Nilimwomba radhi. Kisha nikavuta kiti, nikamsimulia habari ambayo sasa nawasimulia nanyi.

Tulikuwa tukikaa Nyamasaria, wakati ambapo kati ya nyumba na nyumba bado kulikuwa na vipande vya mahindi na ng'ombe wa watu wakivuka barabara wapendavyo. Mama alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka moja karibu na barabara, na mimi ningeweza kuutambua mlio wake hata katikati ya malori yanayokwenda Nairobi. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa huko Muhoroni, akija mwisho wa mwezi na harufu ya molasi kwenye shati. Mimi nilikuwa darasa la nne. Mdogo wangu, Awuor, alikuwa hajaanza shule bado, mtoto wa mashavu, mwenye tabia ya kumfuata kila mtu akiuliza "Ang'o?", yaani "Nini?", mpaka mtu anajificha chooni apate kupumzika.

Na alikuwako Dani. Hivyo ndivyo tunavyomwita bibi. Alikuwa mama yake baba, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kicheko kilichomtangulia mlangoni. Alikaa nyumbani kwake nje kidogo ya Bondo, lakini mvua ikipungua shambani alikuja kwetu na kuku aliyefungwa miguu, unga wa muhogo na omena wakavu, wale dagaa wa ziwani, na mara moja nyumba yetu yote ikaanza kwenda kwa amri zake. Mama hakulalamika. Kwao Kano alifundishwa kwamba mama mkwe ni mgeni wa heshima hata akikaa mwaka, na Dani naye hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Nyar Kano, binti wa Kano, kwa sauti ya mtu anayesifu.

Dani alikuwa na dawa moja ya mafua aliyoiamini kuliko zote. Alichemsha majani ya mkaratusi kwenye sufuria, akaiweka sakafuni, akatukusanya kando yake na kutufunika pamoja blanketi. Ndani mlikuwa na giza lenye joto, jasho likitutiririka, na Dani akituhadithia mambo ya fisi huku akiishika sufuria isipinduke. Tulipotoka tulikuwa tumelowa na tunapumua vizuri. Ndiyo maana mwaka huo alipofika na kuweka mezani kichupa cha kahawia, hakuna aliyekishuku. Hakikuwa na maandishi yoyote, ila picha ya jani la kijani.

"Hamtachemsha tena," alisema, akakigonga kwa kucha. "Yule mtu wa sokoni Bondo ameleta mkaratusi wenyewe, umekamuliwa. Mtoto kijiko kidogo, mtu mzima kijiko kikubwa. Kifua chote kinafunguka."

Alikuwa na fahari, na sikumshangaa. Dawa yake ya siku zote ilikuwa imevaa chupa.

Awuor alikuwa akikohoa tangu Jumapili. Siku moja baada ya chakula cha mchana, Mama akiwa kazini kwake, Dani alipoza chai, akaitia sukari ya kutosha, kisha akamimina humo kijiko cha yale mafuta. Alikionja kijiko kwa ncha ya ulimi, akakunja uso mzima, akacheka.

"Dawa isiyouma ni uji," akasema.

Awuor alikunywa kwa sababu ya sukari. Halafu akalia, akishika mdomo kwa mikono yote miwili na kusema unaungua. Muda si mrefu akatapika. Dani alimfuta uso, akamsifu, akisema hayo ni makohozi yanayotoka. Nyumba nzima ilinuka mkaratusi, na mimi niliipenda ile harufu, kwa kuwa kwangu ilikuwa harufu ya blanketi na ya fisi.

Kisha Awuor akaacha kuuliza "Ang'o?". Hilo ndilo jambo la kwanza lililonishtua, ule ukimya. Alikuwa amekaa kizingitini, macho mazito. Aliposimama alikwenda mrama kama walevi wa chang'aa tuliowaona wakirudi jioni, na kwa kweli nilicheka. Hakufika mbali. Alianguka karibu na pipa la maji, akakakamaa, macho yakapinduka na kuwa meupe, mikono na miguu ikaanza kutikisika.

Dani alipiga yowe lililowatoa majirani. Mimi nilikuwa nimeshakimbia. Sikumbuki njia, nakumbuka tu mguu wa Mama ukisimama juu ya kanyagio la cherehani, na kitambaa cha sare ya shule kikibaki pale chini ya sindano, nusu kimeshonwa.

Tuliporudi uwanja ulikuwa umejaa. "Ni malaria imepanda kichwa!" watu walisema. Jirani yetu Mama Rose alikuwa amepiga magoti na kikombe cha maziwa, mwingine ana kijiko cha kumpanulia meno. Mama aliwapita kama mtu anayepita kwenye nyasi. Akamlaza Awuor kwa ubavu, akamfuta povu mdomoni kwa upindo wa rinda lake.

"Hakuna mtu ataweka kitu kwa mdomo ya mtoto wangu," alisema. "Hamuoni hawezi kumeza? Niitieni boda."

Wakati huo boda boda za Kisumu zilikuwa baiskeli. Mama alipanda ya kwanza, Awuor mapajani, na yule mwendeshaji akasimama juu ya pedali na kwenda. Dani, ambaye maishani mwake hakuwahi kuketi kwenye baiskeli na alizoea kusema ni kitu cha watu wasio na miguu, alipanda ya pili, mimi nikawekwa mbele kwenye chuma. Nilipogeuka nilimwona amemshika mwendeshaji mkanda kwa mkono mmoja. Mkono mwingine alikuwa ameufumba ngumi, akiubana kifuani.

Hospitalini tulipokewa na daktari kijana kutoka Meru, asiyejua Dholuo, lugha yetu. Awuor alikuwa ameacha kutikisika lakini alipumua kwa shida, kama mtu anayekoroma chini ya maji. Mama akasema aliyoambiwa uwanjani, kwamba ni malaria. Daktari aliinama kumsikiliza kifua, akasita, akausogeza uso wake karibu na mdomo wa mtoto. Akanusa.

"Huyu mtoto amekunywa nini?"

"Hakukunywa kitu, daktari," Mama alisema. Kwa sababu hakujua.

Ndipo Dani akaja mbele. Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima, cha sokoni tu, na siku hiyo alikiazima chote.

"Daktari, usiulize mama yake. Uliza mimi. Ni mimi nilipea yeye hii." Akafumbua ngumi. Kichupa kilikuwa kimemwachia alama nyekundu kiganjani. "Kijiko moja. Ndani ya chai."

Mama aligeuka akamtazama. Sijawahi kumwona tena mtu akimtazama mwingine vile, na sitaki kumwona.

Daktari hakugombana na mtu. Aliita wauguzi, wakamvisha Awuor mpira wa hewa, wakamwekea sindano mkononi, wakamchoma dawa ya degedege iliporudi mara ya pili. Mama alipouliza kama wangemtapisha, daktari alitikisa kichwa. Mafuta haya, alisema, yakirudi juu yanaweza kuteleza yakaingia kwenye mapafu, na huenda yameshaingia. Hakuna dawa ya kuyafuta. Kazi yao ni kumsaidia apumue mpaka mwili uyatoe wenyewe.

"Lakini si ni majani?" Dani aliuliza. "Majani tunachemsha kila siku."

"Mama, mvuke wa majani unapata kidogo tu." Daktari alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. "Hapa ndani kuna gunia zima limekamuliwa. Mtu mzima akinywa hii anaweza kuanguka pia. Mtoto mdogo, kidogo tu inatosha kumzimisha. Hata kumpaka karibu na pua, usimpake."

Dani alirudia maneno hayo kwa Dholuo, polepole, kama mtoto anayejifunza mstari wa Biblia. Gunia zima. Karibu na pua, usimpake.

Siku zilizofuata kifua cha Awuor kilishika homa, kama daktari alivyohofia. Mama alilala kwenye kiti kando ya kitanda. Dani alikaa nje kwenye nyasi, mgongo ukutani, akikataa kuingia na kukataa kuondoka. Mimi ndiye niliyepeleka chakula kwa wote wawili, kwa kuwa hawakula pamoja wala kuongea. Baba alifika kutoka Muhoroni, akamsalimu mama yake, akamsalimu mkewe, akakosa mahali pa kukaa katikati yao, akaenda kusimama getini.

Asubuhi moja Awuor alifungua macho, akauona ule mpira uliompita puani, akaushika. "Ang'o?" akauliza. Mama alicheka huku analia. Nilikimbia nje kumwambia Dani. Aliinamisha kichwa kwenye magoti, na mabega yake yakatikisika kwa muda mrefu bila sauti.

Tuliporudi Nyamasaria, majirani walikuja kutoa pole, na waliokuja kutoa pole walikuja pia kutazama. Nilikuwa mtoto, lakini masikio ya mtoto yako karibu na midomo ya watu wazima kuliko wanavyodhani. Nilisikia neno "sihoho", lile jicho baya linalomwangusha mtoto akila. Nilisikia mtu akiuliza mbona aliugua siku ileile alipobaki na bibi kizee. Mama alikuwa bado hajasema na Dani zaidi ya salamu. Lakini wageni walipotoka, alifunga mlango, akazungumza akiwa ameielekea meza.

"Tutasema ilikuwa malaria," akasema. "Nimeshawaambia hivyo. Mama, usiwaambie kitu kingine. Hawa watu watakumaliza."

Ulikuwa ukarimu mkubwa kutoka kwa mtu mwenye hasira kama yake, na Dani aliujua.

"Na mtoto atakayepewa kijiko kesho huko Bondo, Nyar Kano," akauliza, "naye tutasema ni malaria?"

Mama alianza kukusanya vikombe vya wageni.

"Yule mtu bado anauza. Siku ya soko atakuwa pale na kipaza sauti chake. Mimi nitakwenda."

Baba alijaribu kumkataza kwa upole, kisha kwa ukali, na yote mawili yalimgonga Dani kama mvua inavyolipiga bati. Lakini Mama jioni hiyo alikwenda kwenye baraza yake, akachukua kitambaa cha buluu alichokuwa amejiwekea mwenyewe, akakikata. Siku ya safari alimpa Dani rinda jipya, lenye mikono mirefu na mifuko miwili mikubwa.

"Ukisimama mbele ya watu, usisimame na ile nguo ya zamani," akamwambia. "Na mtoto huyu atakwenda nawe. Shule zimefungwa." Mtoto huyu alikuwa ni mimi.

Hivyo ndivyo likizo yangu ilivyoharibika. Mimi nilitaka kukaa Bondo nikila maembe. Badala yake niliketi sokoni kando ya bibi yangu, karibu na wauza kamba na majembe, mbele ya mtu mnene kidogo, mwenye koti na viatu vya kung'aa, aliyejiita Daktari. Vichupa vyake vilipangwa juu ya turubai kwa rangi. Sauti yake ilikuwa tamu. Alimfanya hata mtu mzima wa afya asikie kichomi.

Dani alimwacha amalize wimbo wake. Kisha akasimama ndani ya rinda la buluu.

"Mimi nilinunua ile ya jani," alisema kwa Dholuo, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. "Nilimpa mjukuu wangu kijiko kwa mkono wangu huu. Alianguka. Alikaribia kufa."

Watu waligeuka. Yule mwuzaji alitabasamu. "Mama, ulizidisha. Mimi nilisema matone."

"Ulisema kijiko. Mtoto kidogo, mtu mzima kikubwa. Nina uzee, sina uziwi."

Baadhi walicheka. Mwuzaji akapandisha kipaza sauti. Akauliza umati, huku akionyesha kwa kidole, ni bibi wa namna gani anayekiri kumtilia mjukuu wake sumu? Hapo kicheko kikabadilika. Kutoka nyuma mtu akatamka neno baya, jajuok, mchawi. Mwingine akalirudia. Nilivuta rinda la Dani. Nilitaka ardhi ipasuke tu, nipite.

Hakuondoka. Alingoja wanyamaze, akaanza upya tangu mwanzo, maneno yaleyale. Mjukuu wangu. Mkono wangu. Gunia zima ndani ya kichupa. Msinywe, msiwape watoto, msipake karibu na pua ya mtoto. Aliyekwisha kunywesha, asimtapishe, akimbie hospitali. Alipomaliza aliketi, akaniomba maji, akanywa. Mwuzaji alipoanza tena, naye akasimama tena.

Siku hiyo watu wengi walinunua kama kawaida. Soko lililofuata tulikwenda, naye Dani akabeba kigoda. Watoto walitufuata wakiimba lile neno baya. Rafiki yake wa kanisani alipita kana kwamba hamjui. Soko la tatu yule Daktari hakuwepo. Alikuwa amehamia soko la Ndori. Dani aliuliza kwa wauza kamba, akaambiwa, akainua kigoda chake. "Ndori si Ulaya," akaniambia. Tukaenda Ndori.

Ni huko Ndori ambako mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, alitusogelea akiwa na kichupa mkononi. Alikuwa amekwisha nunua.

"Mama, wangu ana miezi michache tu," alinong'ona. "Nilitaka kumpa leo."

Dani alimshika kiwiko, akamweleza yote, na akamwambia ampeleke mtoto kliniki akakohoe mbele ya muuguzi. Yule mama alitazama kichupa, akatutazama, kisha akarudi mpaka kwenye turubai na kukiweka chini mbele ya kila mtu. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua wakarudisha vyao pia. Sikusikia mtu akicheka.

Mwuzaji alipumua kwa nguvu. Alimtazama Dani kwa muda, kama mtu anayepima uzito wa gunia kabla ya kuamua kama ataliinua. Halafu akawasha kipaza sauti chake, na kwa sauti yake ileile tamu akaanza: "Mkaratusi! Mkaratusi safi! Ya kupaka, si ya kunywa! Watoto wadogo hapana! Ya kupaka, si ya kunywa!"

Dani alimsikiliza mpaka alipohakikisha kwamba hakosei. Akabana kigoda kwapani. "Twende tukale," akasema.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba bibi yangu alifanya yale kwa hasira, kwa kumkomoa mtu aliyemdanganya, na kwamba hakuelewa vizuri watu walisema nini nyuma yake. Nilidhani uzee ulimkinga. Baadaye, nikiwa mtu mzima, nilikwenda kwenye matanga fulani huko nyumbani. Mtoto alikuwa amekufa ghafla, na nikasikia jinsi jina la mwanamke mzee mmoja lilivyozungushwa kutoka kiti hadi kiti kabla hata chai haijagawiwa. Hakuwa amefanya lolote. Mwaka huohuo nyumba yake iliungua, na akahamia kwa binti yake, akafia huko. Ndipo nilipokaa nikafikiria rinda lile la buluu, na umati ule wa Bondo, na mwanamke aliyesimama katikati yake akisema kwa hiari yake: ni mimi, kwa mkono wangu huu. Mama alikuwa amempa mlango wa kutokea. Angeweza kupita tu, na hakuna mtu ambaye angemlaumu.

Dani alikuwa bado hai wakati huo, hana meno, anaongea kwa taabu. Nilikwenda kumwona, nikamwuliza kama hakuona haya. Kwa Dholuo haya ni wichkuot, kuvimba kichwa.

"Kilivimba," alisema. "Kila soko kilivimba. Usiku kilikuwa hakitoshi kwenye mto." Alicheka kile kicheko chake, kilichokuwa sasa hewa tupu. Kisha akanishika mkono na kuacha kucheka. "Lakini kichwa kikivimba, mtu hulala akaamka nacho. Mtoto akilazwa kaburini, haamki."